Mwalimu wa Kwaya na Kikohozi Changu

Mwalimu hakuwa mtu wa kukuambia unaimba vibaya. Alikuja pale uliposimama, akakuwekea vidole viwili chini ya mbavu, akasukuma, halafu akasema, "Hapa hakuna mtu. Uko wapi?" Maana yake pumzi yako inatoka kooni badala ya tumboni. Alimfanyia hivyo kila mtu, mzee kwa kijana, hata mchungaji siku aliyojipenyeza kwenye mazoezi akidhani atatusaidia sauti ya nne. Mchungaji alicheka. Hakurudi tena.

Tulimwita Mwalimu tu, ingawa hakuwahi kufundisha shule yoyote. Aliuza mboga Silanga, kule Kibera, upande ule wa bwawa: mrenda, mitoo, saga, zile mboga ambazo sisi watu wa Magharibi mwa Kenya tukizikosa wiki moja tunahisi tumepotea. Jioni tatu kwa wiki alifundisha kwaya katika kanisa letu la mabati. Aliandika nota ubaoni kwa chaki na kupiga mapigo kwa mwiko juu ya meza. Mimi niliimba sauti ya tatu, kwa hiyo aliniita Wa Tatu. Kwa miaka minne niliyoimba kwake, sidhani alitamka jina langu mara mbili.

Namwandika kwa sababu nilimfanyia kitu. Nitakifikia. Nikianza nacho hamtamwona yeye, mtaniona mimi tu.

Masikio yake ndiyo watu waliyoyajua kwanza. Tukiwa watu thelathini tunaimba kwa nguvu zote, angesimamisha mwiko hewani na kumwendea mtu mmoja tu wa mstari wa nyuma, aliyepanda juu kidogo kuliko nota. Kibandani alikuwa akimwambia muuza makaa jirani yake, "Betri ya redio yako inakufa," na kabla ya jioni redio ilikuwa imenyamaza. Wateja aliwajua kwa mlio wa viatu vyao. Ameinama, anachambua mrenda, anasalimia, "Mulembe, mama Kevo," bila kuinua kichwa, na kweli ni mama Kevo.

Alichukia umbea, ndivyo alivyosema, na hakuna aliyejua habari za Silanga kumshinda. Alitufundisha kwamba soda inaua sauti, na kila Jumamosi baada ya mazoezi nilimkuta nyuma ya kanisa na chupa ya soda ya machungwa, ameugeukia ukuta. "Hii ni dawa ya tumbo," alisema. Ukichelewa dakika tano alifunga mlango kwa waya, uimbe ukiwa nje kwenye matope. Mvua ikianza kunyesha, yeye mwenyewe alikuja kufungua, akikutukana, huku anakupa leso yake ujifute. Hakumsifu mtu. Siku tuliyoshinda mashindano ya makanisa ya mtaa wengine walilia, na yeye alisema, "Ubeti wa tatu mlikimbia kama watu wanafukuzwa na askari," akaenda kuuza mboga zake.

Jambo moja alilishikilia kuliko yote: madirisha yafungwe. Yalikuwa mawili, ya mabati, ya kusukuma. "Sauti ikitoka nje hairudi," alisema, na tena vumbi la makaa lilikuwa likiingia na kutukwaruza koo. Basi tulifunga. Watu thelathini, bega kwa bega, tunavuta pumzi hadi tumboni kama alivyotufundisha, tunaitoa yote.

Humo ndimo nilimokohoa.

Mwaka uliotangulia nilikuwa nimepatikana na TB, nikapewa vidonge vya miezi sita. Kufikia mwezi wa pili kikohozi kilikuwa kimekwisha, mwili umerudi, nikarudi kwenye kazi yangu ya useremala. Vidonge vilinichafua tumbo na kugeuza mkojo rangi ya chungwa. Nilichoka kueleza kazini kwa nini napitia kliniki. Nikaanza kuruka siku: leo nameza, kesho simezi. Halafu nikaacha kabisa. Sista wa kliniki aliponipigia simu nilimwambia niko nyumbani Kakamega, nitamalizia dawa huko. Nilikuwa nimesimama karibu sana na kliniki yake, naona watu wakiingia mlangoni.

Kikohozi kilirudi kabla ya Krismasi. Nilijua ni nini. Hilo ndilo ambalo kwa miaka mingi sikulisema hata nikiwa peke yangu: nilijua. Nilikohoa ndani ya kiwiko, nilikohoa wengine wakicheka, nilitoka nje nikijifanya napokea simu. Mwalimu alinihamisha mstari wa nyuma. "Wa Tatu, hiyo kifua ipatie tangawizi," aliniambia. "Pasaka iko karibu." Tukaimba kwenye mashindano ya Pasaka. Tukashinda.

Miezi michache baadaye yeye naye akaanza kukohoa. Alikonda hadi leso ikamzunguka mara mbili kiunoni. Siku moja mwiko ulimponyoka mkononi katikati ya wimbo, akakaa chini kwenye benchi, na sote tukaendelea kuimba kwa sababu hakuna aliyekuwa amewahi kumwona akikaa. Wiki mbili baada ya hapo tukasikia: TB sugu. Ni ile ambayo dawa za kawaida haziiwezi. Mara nyingi inatengenezwa ndani ya mtu kama mimi, anayemeza leo na kuacha kesho, vijidudu vikaizoea dawa na kuidharau.

Jumapili mchungaji akatangaza kwamba wahudumu wa afya watatembelea wanakwaya, kwamba wana orodha, na kwamba tuwaambie ukweli. Jumatatu asubuhi nilipakia randa, msumeno na godoro kwenye mkokoteni, nikahamia Kawangware, upande wa Riruta. Mwenye ploti, mzee wa Kikuyu, aliniuliza swali moja tu: kama mimi ni mtu wa kelele. Nilimwambia siimbi wala sina redio. La kuimba lilikuwa kweli tangu asubuhi ile.

Simu yangu nikabadilisha laini.

Kikohozi kilipoa chenyewe, polepole, bila dawa. Baadaye niliambiwa hutokea: vijidudu vinalala, haviondoki. Mimi nilidhani nimesamehewa. Nikapata kibanda cha kazi, nikaoa, tukapata binti. Habari za Silanga sikuuliza.

Kisha siku moja mchana nilikuwa napaka kabati vanishi kando ya barabara ya soko nikamwona. Alikuwa amekuja Kawangware kununua mboga, ana gunia mgongoni, anavuka. Bodaboda ilikuwa ikija nyuma yake, inapiga honi mfululizo, watu wote wamegeuka. Yeye hakugeuka. Aliendelea kutembea katikati ya njia, anatazama mbele, ametulia kama mtu aliye peke yake shambani. Mama mmoja wa nyanya alimvuta mkono, bodaboda ikapita ikimkwaruza gunia. Ndipo aliposhtuka, akaanza kumshukuru yule mama kwa sauti kubwa mno, na watu wakacheka.

Mimi nilikuwa nyuma ya kabati. Nilikuwa nimejificha kabla hata bodaboda haijafika, na sikutoka.

Haukupita mwezi, mzee mmoja aliyekuwa akiimba sauti ya nne kwenye kwaya yetu alikuja kununua stuli, akanitambua. Nilimuuliza kuhusu Mwalimu kana kwamba nauliza hali ya hewa.

"Mwalimu ni kiziwi siku hizi," alisema. "Hukusikia? Ni zile sindano. Kila siku, miezi na miezi, mpaka hapa pakawa kama mbao." Alijigonga paja. "Masikio yakaanza kupiga filimbi. Akawaambia. Wakamwambia hakuna dawa ingine, ni hiyo ama kaburi."

"Akasema aje?"

"Si ni yeye? Aliwauliza kama sauti ya kwanza ndiyo itapotea mbele ama ya nne. Wakamwambia zile za juu ndizo zinaenda mbele. Akarudi kanisani, akatupanga upya, sisi wa chini tukae karibu naye. Alitufundisha hivyo mpaka siku moja akapiga mwiko, tukaimba ubeti mzima, akauliza mbona hatuanzi."

Yule mzee alichukua stuli yake akaenda. Mimi niliketi juu ya mbao hadi mke wangu akaja kuuliza kama nitakula.

Mwaka huu TB ikarudi. Safari hii damu ilitoka, na mke wangu hakunipa nafasi ya kudanganya. Katika kliniki moja ya Kawangware waliweka makohozi yangu kwenye mashine, na siku hiyo hiyo sista akaniita ndani, akafungua dirisha kwanza, akavaa barakoa, akasema ni TB sugu.

Nilimwambia sitaki sindano. Nilisema kabla hajamaliza sentensi.

"Sindano gani?" aliniuliza. "Hizo zilikwisha. Utameza vidonge, miezi sita, basi." Alinieleza kwamba dawa hizi zilijaribiwa kwa wagonjwa wa nchi nyingi waliokubali kujaribiwa, wengine wakiwa wamekata tamaa, na ndivyo ilivyojulikana kwamba miezi sita inatosha na kwamba sikio la mtu halina haja ya kufa ili mapafu yapone. Aliongea kwa furaha. Ni habari njema, na alikuwa amezoea watu kuipokea kama habari njema. Aliponiona nalia alidhani naogopa, akanishika bega.

Sitasema vidonge vilikuwa mteremko. Nyayo ziliwaka kama nimekanyaga pilipili, walinipima damu kila mara, waliniwekea waya kifuani kusikiliza moyo. Binti yetu alipewa dawa yake ya kujikinga. Lakini kila asubuhi niliamka nikasikia: maji yakimiminwa kwenye ndoo kwa jirani, msumeno wa fundi mwenzangu, mtoto wangu akiniita kutoka nje ya mlango. Nilisikia vyote. Nilikuwa namaliza kumeza, nakaa pale kitandani, nasikiliza kama mwizi anayekagua alichoiba.

Mwezi wa tatu msichana mmoja wa utafiti aliomba kutumia makohozi yangu ya siku ya kwanza, yaliyohifadhiwa. Aliniambia siku hizi wanaweza kusoma vijidudu vya mtu herufi kwa herufi, wavilinganishe na vya wagonjwa wengine, hata vilivyohifadhiwa kwenye friji miaka mingi, wajue vijidudu gani ni ndugu. Niliweka sahihi. Baada ya wiki kadhaa akarudi na karatasi yake ya maswali, na swali la kwanza lilikuwa hili:

"Umewahi kuishi Kibera? Upande wa Silanga?"

"Kwa nini unauliza?"

"Ni mambo ya kawaida tu. TB yako inafanana sana na moja ya zamani kutoka huko."

"Ya nani?"

"Hatutaji majina. Hata mimi sijui. Ni namba tu."

"Na inaonyesha nani alimpa mwenzake?"

"Hapana. Inaonyesha zimekaribiana. Hiyo ingine watu wenyewe ndio wanajua."

Mke wangu nilimwambia jioni hiyo, yote, tangu vidonge vya kwanza. Alisikiliza akiwa anamenya viazi, na hakuacha kumenya. "Nenda umwambie," alisema mwishowe. "Usiniletee hiyo uso hapa kila siku. Si mimi nilipoteza masikio."

Nilingoja miezi miwili zaidi. Nilijiambia nangoja makohozi yangu yawe safi, na yalikuwa safi tangu mwezi wa pili.

Nilimkuta Mwalimu kibandani, mahali pale pale, mbele ya mashamba madogo ya sukuma yanayoshuka hadi bwawani. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe. Alikuwa amevaa koti la wahudumu wa afya wa mtaa. Nilikuwa nimesikia kwamba sasa ndiye anayezunguka nyumba kwa nyumba akitafuta wanaokohoa, na kwamba anagombana na watu watoboe madirisha. Nilisimama mbele yake. Aliinua kichwa kabla sijafanya lolote.

"Wa Tatu," alisema. Sauti yake haikupanda wala kushuka, kama ya mtu anayesoma tangazo. Aliita kwa nguvu hadi muuza makaa akageuka. "Umenenepa."

Nilianza kusema. Alinitazama mdomo, akatikisa kichwa, akanipa daftari la shule na kalamu. Niliandika nikiwa nimeegemea meza ya mboga: *Ni mimi niliyekuambukiza. Niliacha dawa. Nilipokohoa kwenye kwaya nilijua ni TB.*

Alisoma huku midomo yake ikicheza. Alisoma tena. Akaweka kidole kwenye neno moja. "Hapa umeandika nini? Andika vizuri."

Lilikuwa *nilijua*. Niliandika upya, kwa herufi kubwa.

Alikunja daftari. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na kusema kweli nilikuwa nimeyatamani; na chini yake, kwa aibu, nilitamani anishike mkono. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alinyunyizia mrenda maji kwa vidole.

"Mimi pia nilijua," alisema. "Dadangu alikufa na TB. Hiyo kukohoa naijua. Ningekutoa, sauti ya tatu ingebaki watu wawili, na Pasaka ilikuwa inakuja. Nikakupeleka nyuma." Alinyunyiza tena. "Sista aliniuliza, nani anakohoa kwa kwaya yako. Nikataja watu wanne. Wewe sikukutaja."

Nilimuuliza kwa midomo kwa nini.

"Ningemwambia aje? Kwamba nilisikia nikanyamaza, sababu ya kikombe ya mashindano?" Alinitazama moja kwa moja. "Hakuna mtu alikuwa anakutafuta, Wa Tatu. Ulikimbia bure."

Nilitaka kuketi, hapakuwa na kiti.

"Mama Sofi alikufa," aliendelea, kwa sauti ile ile ya tangazo, na muuza makaa akainamia magunia yake akijifanya hasikii. "Yule wa sauti ya pili, alikuwa anasimama mbele yako. Alipelekwa hospitali tayari amechelewa."

Sikuwa najua. Kisogo chake ndicho nilichokitazama tangu nihamishiwe nyuma. Kilikuwa na kovu dogo chini ya kitambaa, na nilikuwa nikilitumia kama alama ya kukazia macho ninapoimba.

"Sofi mwenyewe yuko hapo chini na watoto wawili," Mwalimu alisema. "Hataki kupimwa. Anasema mamake alirogwa na jirani, na huyo jirani walimtoa kwa ploti na vitu vyake. Mara tatu nimeenda, anafunga mlango. Akiuliza kitu sisikii. Na ukweli wote sijawahi kumwambia."

Aliondoa kitambaa cha mezani, akafunika mboga kwa gunia lenye maji, akamwonyesha muuza makaa kwa ishara awe anaangalia. Kisha akanipa koti lake nishike wakati anafunga viatu, kana kwamba tulikuwa tumepatana jambo.

"Twende," alisema.

Nilimwambia kwamba siwezi. Sijui kama alinisoma. Alikuwa ameshatangulia.

Tulishuka kati ya vitalu vya sukuma, tukavuka mtaro kwa ubao, tukafika kwenye safu ya vyumba vya mabati. Mlango wake ulikuwa wa buluu. Mwalimu alibisha kwa ngumi, kwa nguvu kupita kiasi, kwa sababu hakuweza kujua ni nguvu kiasi gani. Halafu akageuka, akanitazama usoni.

"Kuna mtu?"

Ndani mtoto alikohoa. Mara moja, halafu mfululizo, kikohozi kikavu cha mtoto anayejaribu kukizuia.

"Mtoto anakohoa," nilisema polepole, ili aone midomo.

Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Kitasa kikalia. Mwanamke kijana alifungua nusu, mtoto begani, akamwona Mwalimu na uso wake ukafungika. Kisha akaniona mimi.

"Ni wewe tena? Na huyu ni nani?"

Mwalimu hakujibu, kwa kuwa hakusikia. Alisogea kando, hatua moja tu, nikabaki mimi mbele ya mlango.

"Niliimba nyuma ya mama yako," nilisema.